Shikamoo Waliyoisubiri

Kiseke, Jumamosi mchana

Dada Koku,

Unisamehe kwa kuchelewa hivi. Barua yako ya mwisho ilinikuta nina tumbo kubwa, nikasema nitajibu nikishajifungua. Nikajifungua wiki ile ile waliyokuzika kwenu Kagera. Malaria imekuchukua, nami nipo kitandani na kichanga, hata kukuaga sikuja. Sasa mtoto anatembea na kuongea, ndiyo kwanza nashika kalamu. Amelala mguuni pangu hapa. Karatasi ikinuka samaki usishangae.

Anaitwa Koku. Mama mkwe aliuliza jina la Kihaya linatafuta nini kwenye nyumba ya Wasukuma. Nikamwambia linatafuta pa kukaa. Kwa hiyo mimi sasa ni Mama Koku. Mtaa mzima unaniita kwa jina lako na hakuna hata mmoja anayekujua. Mume wangu Masanja ni mtu mwema, yuko kwenye kivuko cha Kamanga, anarudi amechoka, anakula, analala. Namweleza habari za unga na za mtoto. Yale mengine yalikuwa yako, na tangu ufe sijampata wa kumwambia.

Mji umebadilika. Viwanda vya samaki vimefunguliwa ziwani, minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunaletewa mapanki, vile vichwa na mifupa. Ndiyo ninayokaanga barabarani, mimi niliyekwenda chuo nije kuwa mwalimu.

Wiki iliyopita yule mwalimu wetu wa Historia alipita mezani kwangu. Nilikuwa nageuza samaki. Koku mdogo, tuliyemfundisha adabu vizuri sana, akatoka nyuma ya meza, akainamisha kichwa ashikwe, akasema, "Tikamoo." Mwalimu akamwekea kiganja kichwani. "Marahaba," akasema, huku ananitazama mimi. "Mwanao ana adabu kuliko wewe."

Unaijua adabu anayoisema. Jioni ile chuoni aliniagiza nimpelekee madaftari ya darasa nyumbani kwake kwa kuwa nilikuwa monita, kisha akafunga mlango. Nilirudi bwenini na ndala mguu mmoja. Wewe hukuuliza kitu. Ulinichemshia maji, ukakaa nje ya pazia umenipa mgongo mpaka nikamaliza kuoga. Asubuhi ukasema twende ofisini, ukatangulia mbele.

Kamati ya nidhamu iliniuliza kwa nini nilikwenda peke yangu. Kwa nini sikupiga kelele. Kama nina mchumba. Yeye hawakumuuliza chochote, walimletea kiti. Makamu Mkuu akasema ni kutoelewana tu kati ya mtoto na mlezi wake, na jina la chuo ni jina letu sote. Halafu akanigeukia kwa upole kabisa, kama anamaliza ugomvi wa kalamu. "Haya Minza, mwamkie mwalimu wako, yaishe."

Wote wakasubiri. Mdomo wangu haukufunguka, dada. Ukakohoa kile kikohozi chako kidogo.

"Makamu, shikamoo si ni kushika miguu? Aliyemshika mwenzake ni yeye. Basi aanze yeye."

Nilirudishwa nyumbani Usagara kwa utovu wa nidhamu, kosa langu kukataa kumwamkia mkubwa. Lile nililokwenda kulisema halikutajwa popote. Wewe walikupa kupiga deki bwalo muhula mzima, ukaniandikia kwamba bwalo halijawahi kung'aa namna hiyo. Nilicheka mpaka nikalia.

Sasa sikiliza. Alhamisi alikuja matroni mpya wa chuo, alielekezwa kwangu na mpishi wa bwalo, ambaye bado anakumbuka maneno yako. Kuna binti wa mwaka wa kwanza amemshitaki mtu yule yule. Naye kaambiwa amwamkie, yaishe. Amegeukia ukuta kitandani, haongei. Jumatatu wanamwita baba yake, na Mkuu wa Chuo anasema jambo kama hili halijapata kutokea hapa. Matroni anataka nije nikae karibu na binti niseme kwamba liliwahi kutokea.

Usiku nilipomweleza Masanja jambo hilo kwa mara ya kwanza, akasema, "Mama Koku, watu watakusema. Na nani atakuamini? Shahidi wako ameshakufa."

Hakukosea. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyeniona jioni ile, na mtu huyo yuko chini ya migomba ya kwao. Halafu nikamwambia, "Masanja, mwanao alimwamkia mwalimu yule. Naye akamwekea mkono kichwani."

Akaacha kula. Asubuhi, anavaa viatu, akasema Jumatatu ataomba ruhusa kazini abaki na mtoto.

Kwa hiyo naenda. Nitamsalimia binti kwanza, kabla ya hao wakubwa wote. Nitasema kilichonipata, na uliyoyasema wewe, na jina lako nitalitaja lote. Wakitaka niamkie mtu, nitakaa kimya tena, ila safari hii ni kimya changu mwenyewe. Na huyu mdogo nimeanza kumfundisha upya. Kichwa ni chake, hainami asipotaka. Hilo nakuahidi kama nilivyo hai.

Ile shikamoo waliyoisubiri siku ile sijampa mtu. Nakupa wewe, na ndiyo kwaheri yangu. Shikamoo, Dada Koku.

Barua zetu za likizo ziliishia na vitu vya kuagizana, wewe ukitaka michembe ya kwetu ya viazi vikavu, mimi kahawa ya kwenu ya kutafuna. Basi ninavyohitaji bado ni hivi:

Kahawa, konzi moja, iliyofungwa kwenye jani la mgomba, niishike mkononi nikiwa mbele yao.

Kile kikohozi chako cha kabla ya kusema.

Marahaba yangu.