Kidimbwi cha Vyura Juu ya Jiko la Maman Séraphine

Mpendwa Maman Martine,

Ninaandikia kipindi chako cha redio kwa aibu nyingi, nikiomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana sijui mtu mwingine wa kumuuliza. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, ninasoma mwaka wa tano wa sekondari, biolojia na kemia, na tunakaa Muhumba, hapa Bukavu, kwenye mteremko.

Mwaka jana darasa letu lilitembelea kituo cha utafiti cha Lwiro, na tuliporudi mwalimu wetu, Madame Monique, alitufundisha kwamba mtu anaweza kuchimba kidimbwi katika bustani yake kisichodai kazi nyingi, bila pampu, bila samaki wa kulishwa, maji ya mvua tu na mimea ya kando ya ziwa, na wanyama watakuja wenyewe. Neno hilo liliniingia. Miezi miwili nilichora katika daftari, na likizo ya kiangazi ilipofika nikachimba, kina cha magoti, upande mmoja nikauteremsha polepole kama sahani ili chura na ndege waingie na kutoka bila taabu, chini nikaukanyaga udongo wa mfinyanzi kwa miguu siku tatu, nikapanda matete, na sikuweka samaki hata mmoja kwa sababu samaki hula watoto wa chura. Nilichagua mwisho kabisa wa parcelle, kiwanja chetu, ukingoni, juu ya ukuta wa mawe, kwa kuwa hapo hapakuwa na kazi yoyote na Papa alikubali upesi. Mvua za Septemba zikakijaza, na wiki ya tatu vyura wakaja, kisha kereng'ende wekundu, kisha ndege mdogo wa buluu ambaye jina lake silijui hadi leo, na Papa mwenyewe akitoka kazini alikuwa anapita kusimama pale, anaangalia tu.

Sasa chini ya ukuta huo anakaa jirani yetu, Maman Séraphine, na mtoto wake Delphin ameshikwa na malaria mara mbili tangu Septemba. Jumapili baada ya misa alimsimamisha Papa mbele ya watu akamwambia, "Papa Joviale, mutoto yako iko anafuga mbu juu ya kichwa yangu. Akimaliza mbu, atafuga na mamba?" Watu walicheka, na Papa akatembea hadi nyumbani bila kutungoja.

Jumatatu nilirudi kutoka shule nikakuta maji meusi. Papa alikuwa amemwaga bidoni nzima, dumu la lita ishirini, ya mafuta machafu ya injini, kama watu wanavyofanya kwenye mitaro ili kuua mbu. Watoto wa chura walikuwa wanaelea tumbo juu, sikuweza kuwahesabu, na kereng'ende mmoja alikuwa anajaribu kupanda tete na kuteleza, kupanda na kuteleza, nikamshika nimfute kwa sketi yangu ya shule na bawa likabaki mkononi mwangu. Nikasikia sauti yangu ikimwambia Papa, "Wewe ni muuaji." Maman, sijawahi kumjibu Papa vibaya maishani mwangu. Hakunipiga. Alitazama chini akasema, "Siku ya posho bantu ba avenue watakuya na salongo, tutaziba hiyi shimo. Bimeisha." Yaani Jumamosi, watu wa mtaa watakapokuja kwa salongo, kazi ya pamoja. Tangu hapo hatusemezani, tunakula meza moja kama wageni.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, nalo linanisumbua. Kidimbwi kilikuwa kinapungua, hata siku zisizo na jua, kama upana wa kiganja kila siku, na kwa kuwa nilijisifu kwa wote kwamba hakidai kazi, nilikuwa ninakijaza kwa ndoo kwa siri kabla ya kwenda shule. Kinachonifariji ni kwamba hata ukuta wa mawe umepata uhai, umeota vimea vya kijani na unatoa maji kidogo, ingawa Maman Séraphine anasema umetokeza tumbo na mlango wa jiko lake haufungi tena, lakini yeye hulalamikia kila kitu.

Je, nikimwomba Papa msamaha, naweza pia kumwomba aniachie kidimbwi changu? Vyura wawili bado wazima, nimewaweka katika beseni chini ya kitanda.

Wako mwenye matumaini,
Joviale, Muhumba

*

Joviale mwanangu,

Ulileta barua hii kwa mkono jana, na nimeomba isomwe hewani leo, mbele ya zote zilizoitangulia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisikitikia vyura. Mara ya pili nilisimama.

Ukuta unatoa maji. Umetokeza tumbo. Mlango ulio chini yake haufungi. Na wewe, mtoto wa biolojia na kemia, unaniandikia hayo mwishoni, kama habari ya kufariji. Ulifikiri yale maji ya kila siku yanakwenda wapi? Yalikuwa yanaingia ndani ya kilima, nyuma ya mawe, na kila ndoo yako ya siri iliyaongezea nguvu ya kusukuma. Umezaliwa Bukavu. Umeona mvua moja inavyoweza kuishusha nyumba na waliomo. Maman Séraphine hulalamikia kila kitu, sawa, lakini safari hii alikuwa anakuambia ukweli na wewe ukamcheka moyoni.

Sikulaumu kwa kupenda vyura. Ulifundishwa vizuri na ulifanya kwa uangalifu kuliko watu wazima wengi. Lakini somo lile ni la mahali tambarare, na hakuna aliyekuja kukuona unachimba kwenye ukingo.

Fanya hivi, leo hii. Mwambie Papa habari za ndoo, zote, usipunguze. Kisha nendeni wawili kwa Maman Séraphine, mumwombe yeye na Delphin wasiingie katika lile jiko, wapike upande mwingine, na mvua ikianza watoke hata kwenye chumba kinachopakana nalo. Mwageni vumbi la mbao juu ya maji, linyonye mafuta, mlichote mlitie katika gunia. Maji yanayobaki myatoe kwa ndoo, myapeleke mahali tambarare, mbali na mteremko na mbali na mfereji unaoshuka ziwani. Atoe mtu mmoja mmoja. Wasisimame kundi ukingoni. Na Papa asizibe shimo Jumamosi kabla fundi wa kuta hajaja kutazama, maana mzigo wa mawe na udongo juu ya ukuta uliochoka unaweza kumaliza kazi uliyoianza wewe.

Papa naye nina neno lake, kama anasikiliza. Papa Joviale, mafuta yale hayakumponya Delphin. Yameingia katika udongo, na mvua itayafikisha ziwani. Mtoto analindwa kwa chandarua, na kwa kumwaga maji yaliyolala katika makopo na matairi. Ulifedheheshwa mbele ya kanisa, ukaenda kumalizia hasira kwa viumbe wasiokuwa na midomo, na unajua walikuwa wako pia.

Wewe Joviale, mwombe msamaha kwa lile neno. Usiweke "lakini" baada yake. Siku nyingine, mkishatulia, mtazungumza juu ya mafuta.

Kuhusu kidimbwi: pale, hapana, wala usirudi kuomba. Mwombe Madame Monique apeleke mchoro wako kwa mkuu wa shule, mtafute kona tambarare ya uwanja, mbali na kila ukuta, na mwanzo mtumie nusu ya pipa lililowekwa juu ya ardhi, ambalo likivuja mtaliona. Kikipungua, mwambie mtu siku hiyohiyo.

Vyura wako wawili waachilie jioni hii kwenye matete kando ya ziwa. Lakini kwanza mlangoni kwa jirani, na Papa akiwa pembeni yako.