Ukuta Usio na Matundu

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Hujambo? Na dada yangu, goti lake linamruhusu kupanda ngazi? Mimi mzima, ila baridi ya huku, miaka thelathini sasa, bado inanihesabu mgeni.

Naambiwa unajenga ukuta nyuma ya nyumba. Kabla sijakimbia, nilikuwa mpima ardhi hapo. Acha matundu chini, kila baada ya hatua moja. Maji hufuata mkondo.

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Mama anakusalimu, anasema huko uliko hata kikohozi chako kimezeeka.

Mjomba, ile ardhi uliyoipima haipo tena. Kilima kizima kimevaa lami na zege. Mvua ya robo saa inatushukia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Niliacha matundu, tope likaingia mpaka kitandani kwa Mama. Nikayaziba. Jana Fundi Bomba, jirani wa upande wa juu wa ukuta, kaja na nyundo: "Ukuta wako unanizamisha, mwanaharamu!" Nikamtwanga ubavuni kwa mpini wa sururu. Nilisikia mbavu zikivunjika. Mama akapiga ukelele: "Mtauana kwa ajili ya tope?"

Akirudi, namvunja na za upande wa pili.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu fupi. Yafungue matundu leo hii. Ukuta usiopumua ni bwawa. Mhamishie Mama chumba cha juu, goti lipende lisipende.

Tena nikwambie nililolificha. Nyumba yenu imekaa katikati ya korongo. Mkubwa wangu wa kazi alitaka viwanja. Nikalifuta kwenye ramani kwa mkono wangu, nikaandika "pakavu".

Mjomba wako

25 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika leo. Mvua ilifika tarehe tisa, saa sita mchana.

Ukuta uliyashikilia maji mpaka ukingoni, kisha ukapasuka wote kwa mpigo. Matofali yaliuvunja mlango wa Mama kabla ya maji. Aliyepiga mbizi kumtafuta ni Fundi Bomba, kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia mbavu nilizomvunja. Akamtoa. Kichwa cha Mama kilikuwa kimepasuka.

Baada ya mazishi nilimpelekea Fundi Bomba sururu ileile. "Nipige," nikamwambia. Akaitazama, akaichukua, akaenda kukipiga kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama.

Kesho tunaanza kubomoa nyumba yangu, kisha yake, tuyaachie maji njia. Tuchoree korongo, Mjomba, upana wake wote.

Safari hii usifute kitu.

Mpwa wako