Mavi ya Ng'ombe Ndani ya Uzio

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Sijamwambia mtu, hata mama. Yale mavi ya ng'ombe ndani ya uzio wa Marystella — ni mimi niliyeyaweka. Leo asubuhi, kwa mikono yangu.

Uzio wenyewe ni miiba tu, hatua kumi kwa kumi. Bibi shamba alitaka kujua nani anatumalizia nyasi hapa Kiegei: ng'ombe wa Mzee Mayunga, mfugaji wa kuja, au mchwa. Ng'ombe wakizuiwa na nyasi bado zikaisha, basi ni mchwa.

Siku ya kuujenga alituuliza: mchwa nyasi wanazipeleka wapi? Nilijua! Wanazikata mchana kweupe, wanaziburuta vishimoni. Huko chini zinageuka mbolea, na mvua inapata pa kupenya. Nilijua yote, mdomo ukagoma. Marystella, binti yake Mayunga, akajibu nusu tu. Akapewa daftari na kazi ya kuuangalia uzio kila siku. Bibi shamba akasema huyu ana macho.

Mimi sina?

Jumanne, 12 Agosti

Kijiji kizima kimeenda kukagua. Ndani ya miiba ni kipara kitupu, mchwa wanapita na vijiti vyao. Hakuna aliyewatazama. Mzee Isihaka aliinua yale mavi juu. "Binti, mchwa wa kwenu wananya hivi?"

Kicheko! Na mimi nilicheka. Kidogo.

Mzee Mayunga aliapa ng'ombe wake hawakuingia. Nani amsikilize? Mwenyekiti kasema mwisho Ijumaa, wahame na mifugo yao.

Nilidhani watamnyang'anya daftari tu.

Jumatano, 13 Agosti

Marystella yuko uani na mama. Macho mekundu. Amenionyesha daftari: kila siku idadi ya vishimo, saa mchwa walipotoka, mwandiko mzuri kuliko wangu. Hata sasa roho inaniuma! Kisha Jumatatu: "Vishimo 43. Ng'ombe hakuna. Shamimu amepita asubuhi."

Kumbe aliniona kwa mbali. Hanishuku. Anasema, "Dada, twende kwa mwenyekiti, useme hukuona ng'ombe. Wewe mtoto wa hapa, watakuamini."

Nimemwambia nachukua mtandio. Niko chumbani, naandika. Nikisema hapakuwa na ng'ombe, wataniuliza mavi yalitoka wapi.

Mama anaita mara ya pili. Mtandio ninao mkononi. Wewe daftari, nimekuambia wewe peke yako — usimwambie mtu, tafadhali, mpaka nijue mdomo wangu leo utasema nini