Sanduku la Mama Nkwimba

Jumatatu, 16 Novemba 1953
Mvua imeanza. Wateja hakuna, watu wote mashambani. Leo nimeanza kuilaza cherehani, yaani kuisafisha na kuipaka mafuta ikae bila kazi msimu huu. Nimetoa sindano na uzi, nimefungua kijumba cha bobini. Vumbi la pamba limejaa humo kama kiota. Nimesafisha kwa unyoya wa kuku na mafuta ya taa. Mengine namwachia Mama Nkwimba. Ndiyo desturi yetu tangu tuanze kushona pamoja barazani: yeye analaza yangu, mimi nalaza yake. Mwenye mali hufanya uvivu pale pasipoonekana, mwenzake hafanyi. Kisha zote mbili zinakaa kwangu mpaka pamba iuzwe, maana nyumba yangu ina bati.

Nimemwota Masanja. Mwanangu huyu mmoja yuko mgodini Geita, anashuka chini ya ardhi. Mwaka wa pili sijamwona. Ningepata sababu ya kwenda huko ningekwenda hata kwa miguu. Namwambia Mama Nkwimba hivyo kila siku, naona amechoka kusikia.

Jumatano, 18 Novemba
Mama Nkwimba kaja. Yake kaileta imeshalazwa, ndani ya sanduku la mbao, misumari pande zote. Nilishangaa. Anasema ana haraka, dada yake wa Masumbwe ni mgonjwa, kesho anaondoka. Nilitaka kuilaza mimi. Lakini ugonjwa haungoji.

Yangu kailaza vizuri mno. Mafuta kila tundu, akazungusha gurudumu mpaka yakaingia. Girisi kwenye chuma chote. Mkanda wa ngozi kauvua. Girisi ilipopungua nikaleta samli. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Masanja, unailaza au unaikaanga? Panya watakushukuru!"

Nikacheka na mimi. Nimempa karanga za njiani na kuku wa kumpelekea mgonjwa.

Ijumaa, 4 Desemba
Mvua kubwa. Bati limevuja. Nimekimbilia sanduku la mwenzangu kwanza. Zito! Mgongo unauma. Nimeliinua juu ya matofali, nimemwaga majivu chini kuzuia mchwa. Kurudi jikoni unga wangu wote umelowa. Si kitu. Namwombea dada yake.

Jumamosi, 19 Desemba


Sokoni nimekutana na Mzee Athumani, yule anayezungusha kanga migodini. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba. Kumbe mzima, Mama Masanja! Mwanao kanuna kule. Anasema mama yake kaitwa kazi, kakataa."

Kazi gani?

Akanitazama, akaona sijui. Ndipo akanieleza. Mgodi ulitaka mafundi wawili wa kushona nguo za wafanyakazi. Masanja akatutaja mimi na Mama Nkwimba. Mwezi wa kumi Mama Nkwimba alikwenda huko kuuza nguo, mwanangu akampa ujumbe aniletee. Hakuuleta. Sasa yuko Geita anashona, na nafasi yangu kaichukua binti wa kaka yake. Masanja kaambiwa naye kwamba mimi sitaki kuja.

Nimerudi, nimebandua mbao za sanduku lake kwa shoka. Ndani hamna cherehani. Jiwe la kusagia, limeviringishwa magunia.

Jumapili, 20 Desemba
Kanisani sikwenda. Ningeomba nini?

Angeniambia, "Mwenzangu, niachie nafasi, binti wa kaka yangu hana kitu," ningempa. Hapana, nisijidanganye. Nisingempa. Naye alijua, ndiyo maana hakuniomba.

Kinachoniumiza ni ile girisi. Alipaka polepole, kila pembe, kama anapaka mtoto mafuta. Hakuharakisha hata kidogo. Anakutunzia kitu chako huku anakuibia mtoto. Namchukia. Nikinyamaza kidogo nasikia kile kicheko chake, namchukia tena.

Mwanangu anadhani nimemkataa.

Jumatatu, 21 Desemba
Nimeuza mbuzi. Lori la Geita ni keshokutwa. Cherehani nimeiacha ilale. Siendi kutafuta kazi.

Jumamosi, 26 Desemba. Geita
Nilifika juzi. Masanja amekonda, ana kikohozi. Alisema shikamoo mayu, mama kwa Kisukuma chetu, basi. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuambiwa." Nilikuwa na maneno mengi tangu nyumbani Shinyanga, yakaisha pale. Aliinama. Halafu akachukua ndoo akaenda kunichotea maji ya kuoga, yeye mwenyewe, mbele ya wenzake. Wakamcheka. Hakujali.

Mama Nkwimba anakaa upande wa pili wa kambi. Sijamwona. Sijamtafuta.

Leo mwanangu ametoka zamu, amelala. Shati lake la kazi nimelijua nilipolishika. Kola hiyo ni mkono wa Mama Nkwimba, hakuna mwingine anayekunja kola hivyo. Ameshona vizuri. Nimelifua, nimelianika. Mawingu ni mengi, nimekaa karibu nalo, mvua isije ikalilowesha.