Mpira Uliolegea Adhuhuri

Mjukuu wangu Nasra,

Nakusalimu kutoka Ghubra, huku kwetu kwenye joto. Sote wazima, na dada yangu, ndiye bibi yako khasa, ameshapona kifua. Mimi nna haya kuitwa bibi na skuli ndiyo kwanza nimemaliza, lakini umeniuliza, nakujibu.

Umesema wewe na baba yako mliukaza ule mpira mrefu unaokusanya utomvu mtamu wa miti huko Kanada, na bado umelegea, utomvu umetuama. Unauliza kama kosa ni lako.

Mwaka jana nilitaka maji yanayodondoka kwenye eisi zetu, hizi mashine za kupoza nyumba, yafike kwenye mlimau wa mama, uliokuwa ukikauka. Asubuhi nilifunga mpira ukutani, umenyooka kabisa. Adhuhuri ukalegea, maji yakatuama. Nikaukaza kwa nguvu zangu zote. Alfajiri nikaukuta umechomoka pale ulipoungwa na eisi, na mlimau haujapata hata tone. Nikalia, sifahamu nimekosea wapi.

Mama akacheka. "We Zuwena, unagombana na jua? Likiwaka mpira hurefuka, usiku hunywea. Kaza waya, mpira uufunge juu yake."

"Kwani hapo hautalegea?"

"Utalegea. Waya utaubeba."

Tukavuta waya pamoja, tukauinamisha kidogo kuelekea mtini. Mpira bado hulegea mchana, na mimi bado sifahamu vizuri, ila maji yanafika.

Basi mwulize baba yako, mlikaza waya au mpira wenyewe? Mikono yako sidhani kama ina kosa.

Akupendaye,
Bibi yako mdogo, Zuwena