Pini za Mlango wa Kushoto

Mjomba,

Shikamoo. Itikia huko huko uliko, kisha unyamaze unisikilize, maana leo nimekuja na ugomvi. Nyumbani hawajambo. Mkaza mjomba amemaliza eda na ameanza tena kwenda kwenye mikorosho yake, na kaburi lako tumelifagia juzi. Hizo ndizo salamu. Sasa tuingie kwenye ule mlango.

Ule mlango wa kushoto wa ndege, Mjomba. Unaujua. Ndege yenyewe sina neno nayo. Ni kongwe kunizidi mimi mpwa wako, lakini injini yake bado inaunguruma vizuri kwa sababu uliitunza kuliko ulivyoyatunza meno yako. Mabawa mazima, magurudumu mazima. Ila mlango! Tangu nikiwa na sare za shule, nakuletea chakula cha mchana pale kiwanjani Masoko, mlango ule ulikuwa umeinama kama mtu anayeumwa kiuno. Pini za bawaba zilikuwa zimelika, mlango unaning'inia, ulimi wa kitasa haufiki mahali pake. Na wewe, fundi mwenye leseni, fundi anayeitwa mpaka Lindi na Mafia, dawa yako ilikuwa kuupiga nyonga.

"Inua, sukuma, nyonga, haya twende."

Ulimfundisha kila aliyepanda. Wanunuzi wa ufuta na mikoba yao. Mabwana afya. Yule bibi wa Kiswere aliyevunjika mguu, anapelekwa hospitali, amelazwa ndani kwenye machela, naye ulimwambia atumie mikono yake mizima kuuvuta mlango ili akupunguzie kazi. Kapteni Erasto, rubani wako, alizoea mpaka nyumbani kwake, mkewe ananiambia hata mlango wa choo anaupiga nyonga. Na mimi kila nilipochukua nyundo nikusogelee, nikuombe tuzing'oe zile pini tuweke nyingine, ulikuwa unajibu neno moja tu bila hata kuinua macho: "Uache." Nikiuliza kwa nini, unaniagiza nikaoshe chujio la mafuta. Yaani nimeosha chujio lile mpaka nikahisi na mimi ni chujio.

Halafu nikaenda Dar kusoma ufundi wa ndege, na unajua nilivyohangaika. Siku niliyopata leseni nilikupigia simu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nalia kwa furaha pale kituo cha daladala, watu wananitazama. Unakumbuka ulichosema? Ulisema, "Vizuri." Ukakata simu. Vizuri! Kama nimekwambia nimenunua nyanya. Nilinuna wiki nzima, na kabla sijaacha kununa wakanipigia kwamba umelazwa, na nilipofika Masoko nilifikia msibani.

Msibani nako ukaniachia mtihani mwingine. Mtani wako Mzee Mpili alitoka Likawage kule ndani na vituko vyake vyote. Nilijua watakuja watani, ndiyo mila, mtani asipokuja kumtania maiti watu wanasema marehemu hakuwa na watu. Lakini mimi sikuwa na moyo wa kucheka siku ile. Mzee Mpili aliingia uani akichechemea kama wewe, kavaa ile kofia yako ya kazini, akausogelea mlango wa jiko, akauinua, akausukuma, akaupiga nyonga. Watu wakaangua kicheko na machozi yao usoni. Mkaza mjomba mwenyewe alicheka mpaka akashikwa asianguke. Kisha yule mzee akalikalia sanduku lako la vifaa, akatangaza haliachii mpaka mpwa wa marehemu aseme maneno ya mjomba wake kwa sauti ya mjomba wake. Wote wakanigeukia. Nikashindwa, Mjomba. Nikaingia ndani. Na mzee akaondoka nalo kweli, akasema nikilitaka nitalifuata.

Nilimlaani kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Baada ya arobaini yako Bwana Taher akaja kutoka dukani kwake Lindi. Ananipa heshima, siwezi kumsema vibaya. Alisema ndege aliinunua baba yake na angependa iendelee kuruka, na kazi yako kanipa mimi. Lakini mkaguzi anakuja kabla ya mvua, na safari iliyopita alikwishaandika kwamba mlango ule haumridhishi. Ukikataliwa tena, basi. Kuna hoteli moja ya ufukweni inaitaka ndege. Wataing'oa injini, waiweke kwenye bustani, wageni wapigie picha. Alinieleza kwamba ndani yake watatia friji ya soda. Friji ya soda, Mjomba, mahali pa ile injini uliyoipangusa kwa shati lako mwenyewe! Nilimwambia Bwana Taher mlango utafunga. Nilimwambia kwa sauti kubwa kuliko uhakika niliokuwa nao.

Basi nikaanza. Pini mpya alizoagiza Bwana Taher zikaja baada ya kusubiriwa sana, nikafungua kifurushi, ni za ndege ya aina nyingine kabisa, nene kama kidole gumba. Zikarudishwa. Wakati huo huo zile za zamani zimegandia ndani ya bawaba kwa kutu, kwa hii hewa ya chumvi ya kwetu. Nikazinywesha mafuta, nikagonga. Nikazinywesha tena, nikagonga. Nilichokuwa nagongea kikapinda. Na nilijua fika kwamba kipo kile kichuma ulichokichonga mwenyewe, chembamba, chenye ncha bapa, kinachoingia kwenye tundu la bawaba bila kulikwaruza. Na kichuma kile kiko wapi? Kwenye sanduku. Na sanduku liko wapi?

Haya. Nikapanda pikipiki kutoka Nangurukuru kwenda Likawage. Ile barabara unaijua, sitaki kuieleza, kiuno changu bado kinaieleza chenyewe. Nikamkuta Mzee Mpili barazani kwake anabangua korosho, sanduku lako kaliweka pembeni, kalifunika kanga kama bibi harusi. Nikamwamkia. Nikampa sukari na jogoo, kwa adabu zote. Akapokea jogoo, akampima uzito, akasema, "Mzuri. Lakini sikumtaka jogoo mimi. Namtaka mjomba wako."

Nilikuwa nimechoka, nina vumbi mpaka kwenye meno, nina hasira naye na hasira zaidi na wewe. Nikasimama pale uani kwa watu. Nikauendea mlango wa banda lake la kuku. Nikakunja uso kama unavyokunja wewe, nikatoa ile sauti yako ya kikohozi: "Inua, sukuma, nyonga, haya twende!" Nikaupiga. Kuku wakatawanyika. Wajukuu zake wakacheka, Mzee Mpili akacheka mpaka korosho zikamwagika, na mimi nikajikuta nacheka nao, kisha nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi nalia kilio nilichokishindwa msibani. Hakunibembeleza. Aliendelea kubangua korosho zake, nilipomaliza akalisukuma sanduku kwangu kwa mguu.

Nikalifungua nichukue kichuma. Chini yake kulikuwa na kifurushi cha nailoni kimefungwa kwa uzi wa samaki. Nikakifungua. Pini, Mjomba. Pini za bawaba, mpya, za saizi yenyewe hasa, juu na chini, zimepakwa grisi iliyokwisha kukauka ikageuka manjano kwa ukongwe.

Nilidhani naota. Nikamuuliza mzee hizi ni nini. Akasema, "Si zako? Alisema ni za Somoe. Kazi ya kwanza atakayoisaini akipata leseni yake. Alikuwa anatuchosha nazo hizo, kila akija Likawage anazileta mfukoni kutuonyesha."

Mjomba! Wewe ni mtu wa namna gani? Grisi ile ina miaka. Miaka yote hiyo dawa ya mlango iko mfukoni mwako, na watu wazima wanaota sugu kwenye nyonga! Unazionyesha Likawage, kwa watu ambao ndege wanaiona ikipita juu tu, na mimi niliye mbele yako unaniambia "Uache"! Kwenye simu ile ungeweza kusema. Ungesema "Vizuri, njoo, nimekuwekea kazi." Ungekufa kwa maneno hayo? Ulikufa hata hivyo, na hukuyasema. Nimekasirika. Naandika haya na bado nimekasirika, na nakupenda, na vyote viwili vinanikaba kwa pamoja.

Nikarudi Masoko. Kichuma chako kiligonga mara chache tu, pini ya juu ikatoka, na ya chini ikafuata. Ungeziona zilivyolika, katikati zimebaki nyembamba kama njiti. Nikasafisha matundu ya bawaba, nikapaka grisi mpya, Kapteni Erasto akaubeba mlango, mimi nikateremsha pini zako, kichwa juu kama ulivyonifundisha, ili hata kizuizi cha chini kikikatika, pini isidondoke. Mlango ukasimama wima. Nikarudi nyuma nikautazama. Sijawahi kuuona wima maisha yangu yote.

Nikaufunga. Haukufunga.

Nilitaka kutupa nyundo baharini. Kumbe wewe bingwa, kila mlango ulipozidi kushuka, ulikuwa unakishusha na kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Unaufuata mlango! Sasa mlango umerudi juu na kibati kiko chini, havikutani kabisa. Kapteni akaanza kuinua kwa mazoea, nikampigia kelele asiuguse. Nilikutukana pale, Mjomba, si kwa matusi makubwa, lakini nilikutukana. Nilisema sasa itabidi nitoboe matundu mapya kwenye mwili wa ndege, na mkaguzi ataniuliza haya mengine ni ya nini, na mimi nitamjibu nini? Kwamba mjomba wangu alikuwa mkaidi?

Nikafungua skrubu nikakitoa kibati. Nyuma yake nikayaona yale matundu ya mwanzo, ya kiwandani. Nilitegemea kukuta yameliwa na kutu, au umeyaziba kwa gundi kama ambavyo fundi yeyote angefanya. Yalikuwa na skrubu fupi ndani, moja kwa kila tundu, zimepakwa grisi. Nikazifungua kwa vidole. Nyuzi zake safi, kama zimechongwa jana. Uliyatunza. Ulijua siku moja mtu atakirudisha kibati mahali pake, na ukamwachia njia.

Nilikaa kwenye gurudumu muda mrefu. Kapteni akaenda kujifanya anaangalia upepo.

Kibati kimerudi. Mkaguzi alikuja, akaufungua mlango na kuufunga, akautikisa, akapiga magoti akachungulia bawaba, akaniuliza nani aliyezibadili pini. Nikamwambia ni mimi. Akasema "Vizuri", na nikakaribia kumkumbatia, maskini, hakujua kwa nini. Bwana Taher amewaambia hoteli watafute kitu kingine cha kuwekea soda. Jumatatu ndege ilikwenda Lindi na abiria. Kapteni Erasto alifungua mlango kwa heshima, akaingia, akasahau, akauvuta kwa nguvu zile za zamani na nyonga juu. Kishindo chake kiliwatoa watu sokoni. Namfundisha upya, lakini anachelewa kuelewa, mnafanana.

Basi, Mjomba, acha niahidi mimi kwa kuwa wewe huwezi tena. Nikimwekea mtu kazi, nitamwambia. Nitamwambia kwa mdomo, akiwa mbele yangu, na mimi mzima. Hilo sitalirithi kwako, ingawa vifaa vyote nimerithi, na kofia mzee amekataa kuirudisha.

Jana nilipomaliza kuipangusa ndege niliufunga mlango wa kushoto kwa kidole kimoja. Ukaingia mahali pake bila kelele. Nikasimama pale. Kisha nikaufungua tena, nikatazama huku na huku nione kama hakuna mtu. Nikainua. Nikasukuma. Nikaupiga nyonga, mara moja tu, kwa ajili yako.

Sitarudia. Pini ni mpya.

Pumzika, Mjomba. Haya, twende.

Mpwa wako,
Somoe