Kwa Mama Yetu Avril Hindle, na Zile Chupa Arobaini

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotuaga, mkono wako ukiwa katika mkono wa Baba na mvua ikinyesha hapa mjini Colne kama kawaida yake. Hatukuandika kitu gazetini wakati ule. Kulikuwa na jambo moja ambalo hatukujua tulianzie wapi, na bila hilo kila tulichojaribu kuandika kilionekana uongo. Leo tunaliandika. Wanaokufahamu watuwie radhi kama tangazo limekuwa refu.

Ulikuwa fundi wa maabara ya shule kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya mji huu ilifundishwa na walimu kuwasha moto wa gesi, lakini uliyehakikisha hakuna anayeungua ni wewe. Nyumbani ulikuwa vilevile. Mizani ya jikoni ilikuwa yako, saa ya ukutani ilikuwa yako, na mtu akisema ametia unga kidogo ulimuuliza kidogo kiasi gani. Ulikuwa mkali, Mama, tusikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila mtoto akianguka, wa kwanza kupiga magoti ulikuwa wewe.

Na ulikuwa na bia yako. Kila baada ya wiki sita ulinunua kopo la rojo ya kimea, ile ya bia nyepesi yenye rangi ya majani makavu. Uliliweka kwenye maji ya moto mpaka rojo ikalegea, ukaimimina ndooni pamoja na sukari na maji yanayochemka, ukaongeza ya baridi hadi alama ya lita ishirini na tatu. Hamira ilingoja mpaka kipimajoto kitoe ruhusa. Kisha ndoo ilikaa siku nane karibu na boila, mtambo wa kupashia nyumba joto, ikikoroma taratibu, na ole wake atakayefunua kifuniko. Mwanao Neil alifunua mara moja tu, akiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo akipita karibu na ndoo yenye kifuniko hutia mikono mfukoni.

Baba, aliyeendesha mabasi maisha yake yote, hakuruhusiwa kugusa chochote. Ulimwambia basi lina breki, hamira haina. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kunywa, na kusema safari hii umepatia.

Sasa tuseme lile jambo. Mji mzima unajua kwamba Baba yetu, Roy Hindle, nusura amuue mjukuu wake kwa chupa za bia. Klabuni wanamwita Bwana Sukari. Kisa hicho huchekesha watu, naye hucheka pamoja nao. Lakini mambo hayakuwa hivyo.

Ilikuwa Novemba, miaka mitano iliyopita. Jumatatu ulipanga mezani chupa arobaini za kahawia, tupu, ukatia katika kila moja kijiko kimoja cha sukari, ile ambayo hamira iliyobaki huila ikatoa povu. Ukaandika kwenye kadi yako ya vipimo: saa nne, sukari tayari. Mkala chakula cha mchana. Baada ya kula ulirudi jikoni ukatia kijiko kingine katika kila chupa, ukaandika tena: saa nane, sukari tayari. Kisha ukazijaza bia, ukaziba, ukazipanga katika stoo ya chini ya ngazi. Yeyote aliyewahi kupika bia nyumbani ameshashtuka hapa. Sukari ya mara mbili ndani ya chupa iliyozibwa hugeuka gesi isiyo na pa kutokea, na kioo huvumilia siku chache tu.

Baba aliikuta kadi Jumamosi, chini ya mizani. Aliisoma mara tatu. Kilichomtisha kwanza hakikuwa chupa. Kilikuwa mwandiko wako, kwa sababu ulikuwa umenyooka kama siku zote, na mwenye mwandiko ule hakujua alichokuwa amefanya asubuhi ileile. Wiki ileile ulikuwa umemuuliza mara mbili kama mama yake amepona mafua, na mama yake tulikuwa tumemzika miaka tisa nyuma.

Alijua la kufanya: akuambie, mzifungue pamoja. Lakini kukuambia kulikuwa kukuwekea ile kadi mbele ya macho, wewe ambaye hukukosea kipimo tangu akujue. Akaitia mfukoni. Akajisemea kwamba Jumatatu utakapokwenda kwa msusi atazitoa mwenyewe kimyakimya, na hakuna atakayejua. Kosa lake ni hilo la kungoja, na hana lingine.

Jumapili binti yako Janice akaja kula chakula cha mchana bila kupiga simu. Mwanawe Erin alikuwa na miezi sita, amelala kwenye kigari chake. Janice alikiegesha ujiani, ubavuni mwa ule mlango mwembamba wa stoo, kwa sababu pale pana joto na kelele za jikoni hazifiki. Baba alikuwa akikata nyama. Akaweka kisu chini.

"Kiondoe pale," akasema.

"Baba, ndiyo kwanza kapata usingizi."

"Janice, kiondoe."

Wewe ukamwambia Baba aache kumsumbua mtoto wa watu, nyama inapoa. Janice akakaa. Neil akaomba asogezewe viazi. Baba aliutazama ujia, akakutazama wewe, na pale angeweza kusema kila kitu kwa maneno manne. Hakuweza. Alitoka mezani kwa magoti yake yale mabovu, akashika mpini wa kigari, akakivuta mpaka mlango wa mbele, Janice nyuma yake akifoka. Walikuwa bado wanabishana chupa ya kwanza ilipopasuka. Ikapasua na chupa iliyo jirani yake, na ubao wa mlango wa stoo ukatoboka mahali palepale kilipokuwa kichwa cha mtoto.

Erin hakuamka. Ndicho kilichotutisha zaidi, kulala kwake kule na vipande vya kioo vimetapakaa kwenye zulia. Janice alimtoa kigarini akamkumbatia, akauliza ni nani aliyefanya hivi.

Ulikuwa umepauka. Ukasema ulipima, kijiko kimoja kila chupa, na kadi itaonyesha. Ukaanza kuitafuta. Uliinua mizani, ukainua ubao wa mkate, ukafungua droo moja baada ya nyingine, haraka zaidi kila mara, na sote tulikuwa tukikutazama. Baba alikuwa na kadi mfukoni na kiganja chake juu yake.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani hujatia sukari. Nikatia ulipokuwa juu."

Ukageuka ukamtazama. Wakati ule hatukujua kwa nini ulimtazama muda mrefu vile. Kisha ukamwita mpumbavu, ukasema umemwonya tangu mlipooana asiguse vitu vyako. Janice alimwambia maneno mabaya kuliko hayo.

"Ulijua. Ulijua zitapasuka, ukakaa hapo unatukatia nyama."

Na hilo lilikuwa kweli.

Zilibaki thelathini na nane. Sisi tulitolewa hadi barabarani tukasimama mvuani. Baba alivaa helmeti ya pikipiki ya Neil, koti lake zito la kazini na zile glavu zako za jikoni zenye maua, akaingia stooni peke yake. Alizitoa moja moja, kila moja amei­zungushia taulo lililolowa, akaipeleka uani, akaishika mbali na mwili na kuinua kizibo kidogo kidogo mpaka gesi ikapiga mluzi. Mzee wa miaka sabini na mmoja. Ya kumi na tatu ilipasukia ndani ya taulo mikononi mwake. Alikaa kwenye ngazi ya uani dakika moja hivi, akainuka, akarudi kuchukua ya kumi na nne. Wewe ulikataa kutoka. Ulisimama mlangoni pa jikoni ukizihesabu kwa sauti, na mpaka ya thelathini na nane hukuruka hata moja.

Kwa miezi mitatu Janice hakumleta Erin nyumbani. Alikutana nawe mkahawani, na Baba akitaka kuja aliambiwa nafasi ni ndogo. Hukupika tena bia. Ulisema huwezi kupika katika nyumba yenye mtu asiyeaminika, nasi tukakuunga mkono mbele yake. Janice ndiye aliyekipeleka kisa mitaani, na mitaani kikaota miguu. Ugonjwa wako wa kusahau ulipojitokeza wazi mwaka uliofuata, daktari aliuliza ulianza lini. Baba akasema kiangazi cha mwaka huohuo, wala hakuitaja Novemba. Tulikuwepo sote, na hakuna aliyefikiri kumuuliza zaidi.

Wiki tatu kabla hujatuacha, alasiri, Janice alipanda ngazi na trei ya chai. Alisimama nje ya mlango wa chumba chenu kwa sababu ulikuwa ukiongea, na ilikuwa imepita miezi hujatoa sentensi nzima.

"Roy. Sukari ile nilitia mimi."

"Najua, mpenzi."

"Hujui. Nilijua siku ileile. Wewe kudanganya hukuwahi kukuweza. Nilitaka kusema, nikaogopa wangenipeleka kwa daktari kabla ya Krismasi. Nikakuachia ubebe."

"Haikuwa nzito."

"Acha uongo, mzee. Mtoto hakuletwa siku tisini na nne."

 Kisha mkasimuliana yote, ya kadi, ya Jumamosi, ya ile miezi mitatu, kama watu wanaorudisha vyombo vya kuazima. Mwishoni ukamwambia akuahidi kitu: ukishaondoka, atuambie watoto. Akaahidi. Chai ilikuwa imepoa mikononi mwa Janice. Alishuka akaimwaga, akachemsha nyingine, akapanda tena akikanyaga kwa kishindo ili msikie anakuja. Alitaka Baba apate nafasi ya kusema mwenyewe.

Mama, hajasema. Mwaka mzima tumemngoja. Siku ya Krismasi Janice alimuuliza waziwazi kama ana neno la kutuambia, akasema boila inahitaji fundi. Wiki iliyopita klabuni mtu alimwekea pakiti ya sukari kwenye kiti chake, watu wakavunjika mbavu, naye akaitia mfukoni akasema, basi, ya chai imepatikana. Neil alikuwepo. Alitoka nje akalia kwenye maegesho ya magari, na hatuoni haya kulisema hapa.

Tumeelewa sasa kwamba hatasema kamwe. Akisema, atakuwa amekutoa kafara wewe ili ajisafishe yeye, na hilo hajui kulifanya hata kwa ruhusa yako. Basi ahadi yake tunamtimizia sisi. Roy Hindle hakutia sukari ile. Alimwondoa Erin pale mlangoni, akazifungua chupa thelathini na nane kwa mikono yake, kisha akakubali kudharauliwa na wanawe ili wewe uendelee kuwa mtu asiyekosea kwa muda kidogo zaidi. Tulimkosea. Tunasema hivyo mbele ya mji mzima kwa kuwa tulimlaumu mbele ya mji mzima.

Nawe hatukulaumu, Mama. Uliogopa, na uliogopa peke yako, wewe uliyekuwa hukubali yeyote kati yetu aogope peke yake. Laiti ungetuambia. Tungeng'ang'ania kukupeleka kwa daktari kabla ya Krismasi, kama ulivyodhani, lakini tungekushika mkono njia nzima.

Unakumbukwa na mumeo Roy, wanao Janice na Neil, mkweo Gareth, dada yako Enid, na mjukuu wako Erin, ambaye ameanza shule na hupima maziwa ya uji wake kwa kikombe chenye alama bila kufundishwa na mtu. Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.

Na wewe Baba, ambaye kila Ijumaa huanza gazeti kwa ukurasa huu: sasa umeshajua kwamba tunajua. Kengele inayolia mlangoni ni Janice, yuko na Erin. Tufungulie.